Nyuki Wanapogawanyika: Shauri kwa Mwenye Mzinga Mpya

Katika nchi zetu za ukame, kama Kitui, Mwingi, Tharaka na Baringo, mzinga wa nyuki ni mali ya mtu kama ng'ombe wa maziwa alivyo mali. Siku hizi watu wengi wasiokuwa wa ukoo wa warina asali wameanza kufuga nyuki. Mtu hununua mzinga wa mbao, huutundika mahali pa kivuli, akangoja. Siku moja nyuki huja wenyewe, na moyo wake hufurahi. Huanza kuhesabu debe za asali kabla hajaona hata sega moja limejaa. Kisha, baada ya miezi miwili mitatu, mnamo saa tano ya mchana siku ya jua zuri, nyuki humwagika mlangoni kama maji, hewa hujaa uvumi, na baada ya kitambo wote hukusanyika katika tawi la mti wakaning'inia kama mfuko. Kesho yake hawapo.

Hapo ndipo maneno mengi huanza. Huyu husema mbao za mzinga zilikuwa mbaya. Yule husema jirani ana kijicho. Mwingine huuteremsha mzinga akautia stoo, akaapa kwamba hatatupa tena fedha zake katika kazi ya wadudu wasiokuwa na shukrani. Tena wapo wanaoharibu mali yao kwa mikono yao wenyewe siku hiyo hiyo, kwa kuufungua mzinga na kukata masega yote, wakidhani kwamba yaliyobaki ni mabaki tu.

Nilisikia habari ya kijana mmoja wa upande wa Mwingi aliyekuwa ametumia fedha za mavuno yake ya pojo kununulia mizinga miwili. Mmoja ukaingia nyuki, na baada ya mvua nyuki wakatoka kama nilivyoeleza. Akaenda kwa mzee jirani yake mwenye mizinga ya magogo tangu ujana wake, akamwambia, "Mzee, nyuki wangu wamenitoroka. Nakwenda kuuteremsha ule mzinga niyatoe masega kabla hayajaoza."

Mzee akamwuliza, "Umetega sikio ubavuni mwa mzinga?"

"La, mzee. Nimewaona kwa macho wakienda."

"Basi nenda jioni ukasikilize kwanza. Hawakukutoroka, mwanangu. Wamezaa."

Kijana akaenda jioni, akasikia uvumi ndani ya mzinga, akaacha kisu chake. Laiti angalikata masega siku ile, angaliua kundi zima, kwa sababu malkia mpya alikuwa bado amefungwa ndani ya chumba chake cha nta, na hapakuwa na mwingine.

Neno hilo la mzee ndilo msingi wa shauri lote nitakaloandika hapa. Nyuki huondoka mzingani kwa njia mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Njia ya kwanza ni kugawanyika: malkia mzee hutoka pamoja na nusu ya watu wake au zaidi, na mzingani hubaki wengine pamoja na malkia wachanga ambao bado hawajazaliwa. Hiyo ni dalili ya heri, maana kundi lenye njaa au ugonjwa haligawanyiki. Njia ya pili ni kuhama kabisa: wote huondoka, malkia na watu wake, wakaacha masega matupu. Hiyo ni dalili ya shida. Mfugaji asiyetofautisha mambo haya mawili huenda akatumia dawa ya moja kwa kutibu jingine. Tutaanza na kugawanyika, maana ndiko kunakowapata zaidi wenye mizinga mipya iliyostawi.

Kwa nini nyuki wagawanyike? Malkia mmoja katika wakati wa maua aweza kutaga mayai zaidi ya elfu kwa siku moja. Katika majuma machache mzinga uliokuwa na nafasi hujaa. Vyumba vya kutagia hujaa majana, na vilivyobaki hujazwa mbochi na unga wa maua. Nyuki vijana, ambao kazi yao ni kulisha majana, huwa wengi kupita kazi iliyopo. Tena kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Mwingereza Colin Butler wa kituo cha Rothamsted alichunguza katika miaka ya 1950 na kuonyesha kwamba mwili wa malkia hutoa kitu ambacho nyuki wanaomhudumia hukilamba na kupeana midomoni, na kitu hicho ndicho kinachowazuia wasilee malkia mwingine. Nyuki wakiwa wengi mno, wamebanana, au malkia akiwa amezeeka, fungu la kila mmoja hupungua. Wakishaikosa habari ya malkia wao, huanza kujenga vyumba vya malkia wapya. Kwa hiyo msongamano ni sababu kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu ambayo mfugaji aweza kuiondoa kwa mikono yake.

Yafaa tukumbuke pia kwamba nyuki wetu si nyuki wa Ulaya, na vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya nyuki wa Ulaya. Mzungu huko kwao hufuga nyuki waliozoea majira ya baridi kali. Wasipoweka akiba kubwa hufa. Nyuki wetu wamezoea nchi ya ukame, siafu, nyegere na moto wa nyika. Njia yao ya kuishi ni kuzaana upesi na kutawanyika. Hupenda mashimo madogo kuliko wenzao wa Ulaya, na hugawanyika kundi likiwa bado dogo. Mwenye kutaka ushahidi atazame yaliyotokea Brazili. Katika mwaka wa 1956 Profesa Warwick Kerr alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengine Afrika ya Kusini na wengine Tanganyika, akawapeleka huko ili awachanganye na nyuki wa Ulaya walioshindwa na joto. Mwaka wa 1957 makundi 26 yakatoroka pamoja na malkia wao. Kwa kugawanyika tu, kundi baada ya kundi, wazao wao walienea Amerika ya Kusini na ya Kati, na katika mwaka wa 1990 walifika Texas, Marekani. Nyuki wa namna hiyo ndiye aliye katika mzinga wako, ndugu msomaji. Usidhani utamfundisha asigawanyike kamwe. Utakachoweza ni kumchelewesha, kumwongoza, na akigawanyika, kuhakikisha kwamba kundi la pili ni lako wala si la msitu.

Sasa tuzitazame siku, kwa sababu kazi hii yote ni kazi ya kalenda. Malkia hutaga yai katika kikombe cha nta kinachotazama chini. Yai hukaa siku 3, kisha huanguliwa jana, ambaye hulishwa chakula cheupe kizito kinachotoka vichwani mwa nyuki walezi. Mnamo siku ya 8 tangu yai kutagwa, chumba huzibwa kwa nta. Katika nyuki wa Ulaya malkia mpya hutoka siku ya 16. Wetu hutangulia kwa siku moja au zaidi kidogo. Malkia mzee hangoji mtoto wake azaliwe. Kwa kawaida hutoka na kundi lake mara vyumba vya kwanza vinapozibwa, ikiwa jua ni zuri na mvua haikumzuia. Kwa hiyo tangu yai kuwekwa mpaka kundi kuondoka ni kama siku 8 tu. Mtu anayefungua mzinga mara moja kwa mwezi wakati wa maua hana habari ya yanayotendeka ndani. Atazame kila siku ya saba, wala si zaidi, na aache desturi hiyo majira ya maua yakiisha, kwa maana kuwasumbua nyuki wa Afrika pasipo sababu ni kuwafukuza.

Nasema afungue, maana nadhani ana mzinga unaofunguka. Mzinga wa gogo, ule wa wazee wetu, hauwezi kukaguliwa pasipo kuvunja masega. Ilikuwa katika mwaka wa 1851 Mmarekani Lorenzo Langstroth, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, alipotambua kwamba nyuki wakiachiwa upenyo wa kipimo fulani hawauzibi kwa nta wala kwa gundi, na hivyo fremu za masega zaweza kuinuliwa moja moja. Kwetu Kenya, katika miaka ya 1970, ulitengenezwa mzinga mwingine ulio rahisi zaidi kwa fundi wa kijijini: sanduku refu lenye pande zilizolala, na juu yake papi za mbao zilizopangwa bega kwa bega, kila moja na sega lake. Upana wa papi ni milimita 32, kipimo cha nyuki wetu. Wapo mafundi wanaokata papi za upana wowote kwa kuokoa mbao, na nyuki wao hujenga masega ya kukingama kutoka papi hii hadi ile. Mzinga wa namna hiyo ni gogo lenye umbo la sanduku, na hela ya mnunuzi imepotea.

Dalili za kugawanyika ni hizi. Mbele ya mlango nyuki hujirundika jioni kama ndevu, ijapokuwa hakuna joto kali. Madume huonekana wengi, wanene, wakiruka mchana kwa kelele. Ndani, masega ya majana yamejaa mpaka pembeni, wala hakuna chumba kitupu cha malkia kutagia. Na kwenye kingo za chini na za ubavuni mwa masega utaona vikombe vidogo vinavyotazama chini. Kikombe kitupu si neno. Nyuki hupenda kujenga vikombe hata wasipokuwa na nia. Lakini ukiinamisha jicho ukaona yai ndani, au jana aliyelala katika kile chakula cheupe, nia imekwisha kuingia. Chumba kikirefuka kikawa kama ganda la njugu nyasa lililoning'inia, na mdomo umezibwa, basi kundi limeondoka jana, au litaondoka leo au kesho.

Bora ni kutangulia. Kundi jipya halipaswi kupewa mzinga mzima siku ya kwanza, kwa maana nafasi kubwa tupu huwatia baridi na huwapa nondo wa nta mahali pa kujificha. Weka ubao wa kutenga ndani, uwaachie papi nane au kumi. Kadiri wanavyojenga, sogeza ubao nyuma, papi mbili mbili. Hapa ndipo wengi hukosa: huongeza papi tupu nyuma kabisa, kwenye upande wa asali, na nyuki hujaza asali huko huku malkia amebanwa mbele kama mfungwa. Papi tupu yapasa itiwe katikati ya masega ya majana, moja tu kwa wakati mmoja, sega la majana likiwa huku na huku. Nyuki vijana wasio na kazi watapata kazi ya kujenga, na malkia atapata vyumba vipya vya kutagia kwa siku chache. Likijengwa, tia nyingine. Fanya hivyo wakati kundi lina nguvu na maua yapo. Ukilitenganisha kundi dogo kwa papi tupu siku za baridi, majana watakufa. Na masega ya asali iliyozibwa yakiwa yamekaribia masega ya majana na kuyafunga kama ukuta, vuna moja au mawili ya mwisho uwafungulie njia. Usivune yote. Nitasema sababu yake mbele.

Sasa tuseme umefungua mzinga siku ya saba ukaviona vyumba vya malkia vina majana ndani. Ufanyeje? Wengi hutoa kisu wakavikata vyote, wakafunga, wakaenda zao wameridhika. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ya hasara mara nyingi. Kwanza, nyuki wakisha kutia nia, hujenga vingine upesi, na chumba kimoja tu kilichojificha kwenye pembe ya sega, chini ya rundo la nyuki, chatosha kuibatilisha kazi yote. Pili, na hili ndilo baya zaidi, huenda malkia mzee alikwisha kuondoka juzi. Ukikata vyumba vyote baada ya yeye kwenda, na mayai machanga hayapo tena, umelifanya kundi kuwa yatima. Baada ya majuma machache nyuki vibarua wenyewe huanza kutaga, lakini mayai yao hutoa madume tu, na kundi huisha polepole mbele ya macho yako. Basi kabla ya kugusa chumba chochote, tafuta mayai. Geuza mgongo wako uelekee jua, tazama chini kabisa ya vyumba vidogo. Yai ni kama kipande kidogo cha uzi mweupe. Ukiliona, malkia alikuwapo katika siku 3 zilizopita. Usipoliona, usiguse.

Iliyo bora ni kuwagawanya wewe mwenyewe kabla hawajajigawanya. Nyuki wametaka makao mawili. Wape makao mawili, yote yakiwa yako. Tayarisha mzinga wa pili mapema, wenye papi zilizopakwa nta. Fanya kazi hii saa za jioni, jua likielekea kuzama, nyuki wakiwa wengi nyumbani, nawe uwe na mwenzako, bomba la moshi linalowaka vizuri, kofia ya wavu, na mifugo imeondolewa mbali. Nyuki wetu si wa kuchezewa; watu na mbuzi wamekufa kwa sababu ya haraka ya mtu mmoja.

Toa papi tatu au nne zenye majana waliozibwa, mojawapo iwe na vyumba vya malkia vizuri, na nyuki wote waliozishika. Zitie katika mzinga mpya kwa taratibu ile ile zilivyokuwa, kisha uongeze masega mawili ya asali na unga wa maua ubavuni. Sega lenye chumba cha malkia lisikung'utwe wala lisipinduliwe, kwa maana mtoto aliye ndani ni laini na huharibika kwa mtikiso mdogo. Tena sega la papi halina fremu ya kulishikilia. Ukililaza kama kitabu litavunjika mikononi mwako. Lishikilie wima sikuzote. Kisha chukua sega jingine moja au mawili ya majana kutoka mzinga wa kwanza, ukiisha kuhakikisha kwamba malkia hayupo juu yake, ukung'ute nyuki wake ndani ya mzinga mpya, maana wale waliozoea kwenda malishoni watarudi kesho kwenye mlango wao wa zamani, na mzinga mpya utabaki na nyuki vijana peke yao. Vijana hao ndio unaowataka, wanajua kulea. Ufanye mlango uwe mwembamba ili waweze kuulinda.

Katika mzinga wa kwanza, alimobaki malkia mzee, sasa ndipo pafaapo kuviondoa vyumba vya malkia vilivyobaki, na kuwapa papi tupu mahali pa zile ulizotoa. Wataona nafasi kubwa, majana wachache, na malkia wao yupo. Aghalabu nia huwatoka. Mtu aweza kuniuliza, je, kama sikumwona malkia? Malkia wa nyuki wetu hukimbia sana juu ya masega, na hata mtu aliyezoea aweza kumkosa. Usipoteze nusu saa ukimtafuta huku mzinga wazi. Gawanya tu, uache vyumba vya malkia kiasi katika mizinga yote miwili. Baada ya siku nne tazama: mzinga wenye mayai mapya ndio wenye malkia, na humo ndimo utakamoondoa vyumba.

Zipo njia nyingine ambazo watu husifu. Wengine humkata malkia bawa ili asiruke. Kundi hutoka pamoja naye, naye huanguka majanini akaliwa na siafu, na baada ya juma moja kundi huondoka tena na malkia mchanga mwenye mabawa mazima. Wengine huweka wavu wa kuzuia malkia mlangoni. Huo waweza kumzuia kwa siku chache, kwa mfano kundi lililotiwa mzingani leo lisitoke kesho, lakini ukiusahau hapo madume hawawezi kupita, hufa ndani wakauziba mlango, na malkia bikira hawezi kutoka kwenda kukutana na madume angani. Mlango uliofungwa hauponyi msongamano ulio ndani.

Na kama umechelewa, na bumba limekwisha kuning'inia kwenye mgunga? Usikimbie kuleta ngoma na mabati. Wapo wasemao kelele huwashusha, lakini nyuki hao wangetua vivyo hivyo. Umepata muda, pengine wa saa moja, pengine wa siku mbili, kwa sababu bado hawajachagua nyumba. Jambo hili lilichunguzwa na Mjerumani Martin Lindauer, mwanafunzi wa Profesa Karl von Frisch yule aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1973. Katika mwaka wa 1949, mjini Munich ulioharibiwa na vita, aliona nyuki wakicheza juu ya bumba wakiwa wachafu, huyu mweusi kwa masizi, yule mwekundu kwa vumbi la matofali. Wengine wangepita. Yeye alijiuliza, nyuki anayetoka mauani atapataje masizi? Akatambua kwamba hao ni wapelelezi waliotoka kutazama mashimo katika mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka, na kila mmoja alicheza kuwaeleza wenzake mahali alipopaona. Mabaraza hayo huendelea mpaka wapelelezi wapatane juu ya mahali pamoja. Hapo wote huruka.

Kwa hiyo ukitaka bumba, ulichukue kabla baraza halijaisha. Nyuki wa bumba wameshiba asali na hawana majana wa kulinda, kwa hiyo huwa wapole kuliko siku nyingine. Lakini vaa kofia yako. Lete sanduku au kikapu kikubwa chenye kitambaa, ukishike chini ya bumba, mwenzako alitikise tawi kwa pigo moja la nguvu. Kigeuze kikapu juu ya ardhi, ukiache mwanya mdogo. Ukiona nyuki mlangoni wameinua mikia wakipunga mabawa, furahi: malkia yumo, nao wanawaita wengine kwa harufu. Wakirudi wote kwenye tawi, malkia ulimwacha juu, anza tena. Jua likizama, wamimine katika mzinga uliowaandalia.

Siri ya kuwafanya wakae ni sega moja la majana wachanga kutoka mzinga mwingine, kwa maana nyuki hawapendi kuwaacha watoto. Usiwarudishe katika mzinga ule ule walikotoka pasipo kubadili neno ndani yake. Kesho utawaona tena kwenye tawi.

Mzinga mama nao usisahauliwe, wala usisumbuliwe. Malkia wa kwanza kutoka huenda akawaua wenzake vyumbani mwao, au, kundi likiwa bado na nguvu nyingi, huenda akaondoka na bumba la pili, na mwingine na la tatu, mpaka mzinga uliokuwa tajiri ubaki na konzi ya nyuki. Ili kuzuia hayo, juma la kwanza baada ya kundi kuondoka wapunguzie vyumba vya malkia, uviache viwili vilivyo vikubwa na vyenye umbo zuri. Kisha funga mzinga uuache majuma matatu. Katika siku hizo malkia bikira hutoka kuruka, hukutana na madume kadhaa angani, hurudi akaanza kutaga. Mtu anayefungua mzinga kila siku kutazama kama amerudi huenda akawa ndiye sababu ya kutorudi kwake.

Nilisema nitarudi kwenye asali. Kuhama kabisa, ile njia ya pili, hutokea aghalabu wakati wa kiangazi, na mwenye mzinga mara nyingi ndiye aliyeuanzisha kwa kisu chake. Alivuna masega yote, asali ya juu na ya nyuma, kisha maua yakakauka. Nyuki wenye njaa hawajengi vyumba vya malkia. Utaona malkia ameacha kutaga, majana wanapungua siku hata siku, na hakuna wapya. Wanangoja wa mwisho atoke katika chumba chake ndipo waondoke wote. Ukiona hivyo, kugawanya kundi ni kuliua. Kinachotakiwa ni chakula, yaani sukari iliyoyeyushwa katika maji ya kiasi sawa, itiwe ndani ya mzinga jioni, na maji safi karibu, katika karai lenye vijiti wasizame. Sababu nyingine za kuhama ni siafu, ambao huzuiwa kwa kupaka grisi kwenye waya zinazoshika mzinga. Nyegere, ambaye huzuiwa kwa kuutundika mzinga mbali na shina la mti. Jua kali la mchana lisilo na kivuli. Nondo wa nta katika masega ya kale. Na mfugaji mwenyewe, mwenye moshi mwingi na mkono mzito. Acha masega ya asali angalau manne au matano kila unapovuna, na zaidi ikiwa kiangazi kimekaribia.

Wazee wenye mizinga ya magogo hawakuwa na wavu wala ubao wa kutenga, na bado walikuwa na asali. Wao hawakupigana na kugawanyika. Mtu aliyekuwa na magogo ishirini yenye nyuki alitundika na mengine matupu katika migunga na mibuyu, na bumba lililotoka katika gogo lake mara nyingi liliingia katika gogo lake jingine. Desturi hiyo yafaa iendelee hata kwa mwenye mizinga ya mbao. Kabla mvua za Oktoba na za Machi hazijaanza, usafishe mzinga mmoja mtupu, utoe buibui na mabuu ya nondo, ukwangue papi na kuzipaka nta mpya, uusugue ndani kwa majani ya mchaichai, ambayo harufu yake hukaribiana na ile harufu wanayoitana nayo nyuki. Uutundike kivulini, katika kimo cha mtu au zaidi, mlango ukitazama mbali na upepo, mwendo wa dakika chache kutoka mzinga wako wa kwanza. Wapelelezi huanza kutafuta siku kadhaa kabla ya kundi kutoka. Ukiwaona nyuki wachache wanaingia na kutoka katika mzinga huo mtupu, wakiukagua mlango na pembe zake bila kubeba chochote miguuni, nenda siku hiyo hiyo ukafungue mzinga wako wenye nyuki.